Kibati Namba 117

Mtu mzima anayerudi darasani huwa na sababu zake, na nyingi huwa za kubuni. Huyu atasema anatafuta cheo, kumbe anaikimbia nyumba yake. Mzee Futi alikuwa na sababu moja tu, na aliisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza: alichoka kuijua miti kuliko wenye vyeti halafu akaambiwa asogee pembeni picha ipigwe.

Jina la Futi alipachikwa na wanafunzi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mlinzi wa msitu wa mafunzo wa chuo kikuu cha umma, chuo kikubwa mno, ambako mhadhiri huijua namba ya kadi ya mwanafunzi kabla ya kuijua sura yake. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kuwafukuza wakata kuni. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuwapandisha mlimani wanafunzi wa maliasili na uhifadhi, futi ya kupimia vipenyo ikining'inia shingoni, kuizungusha kwenye shina usawa wa kifua, kuisoma namba kwa sauti na kuiandika kwenye daftari la ploti, yaani kipande cha msitu kilichotengwa kwa vipimo. Kila mti wa ploti una kibati chenye namba kilichopigiliwa msumari. Mti wenye kibati, pale chuoni, una heshima kuliko kibarua, maana wenyewe angalau una faili.

Watoto wa watu walimfikia hawajui kutofautisha mti na nguzo ya umeme. Akawafundisha kukwangua gome kwa ncha ya kisu, kunusa, kuvunja kikonyo cha jani na kutazama utomvu. Wengine sasa ni wakurugenzi, wanapita na magari ya vioo vyeusi na hata mkono hawapungi. Hakuwawekea kinyongo. Tenda wema nenda zako, alisema, na kweli alikwenda zake, kila asubuhi, mlimani.

Mmoja tu hakumsahau. Alikuja akiwa binti mwembamba anayeogopa siafu. Alipoteguka kifundo cha mguu, Futi alimbeba mgongoni kutoka kileleni hadi barabarani, naye njia nzima akalia na kumwomba radhi kwa uzito wake. Tangu siku hiyo akawa anamwita Mjomba, na Futi, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akamwita mwanangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Binti akamaliza shahada ya kwanza, akamaliza ya pili, kisha akarudi kwa ajili ya uzamivu, na kwa miaka mitatu wakawa wanapanda na kushuka wote.

Uzamivu wake ulihusu miti thelathini ya aina ambayo vibarua huiita pacha. Huiita hivyo kwa sababu inafanana mno na mti mwingine waitwao tangawizi: gome lile lile, jani lile lile. Tofauti yao iko puani. Ukivunja kikonyo kibichi cha tangawizi, kinanukia tangawizi hasa. Cha pacha hakinukii kitu. Tena tangawizi hunenepa haraka, pacha hujivuta. Siku walipofika kwenye mti wenye kibati namba 117, Futi alivunja kikonyo, akanusa, akasema huu si pacha, mwanangu, huu ni tangawizi. Binti akanusa naye, lakini siku hiyo alikuwa na mafua. Akachuma tawi, akalikausha kati ya magazeti, akalilinganisha na matawi makavu yaliyohifadhiwa chuoni, akarudi na jibu kwamba ni pacha. Jani kavu halina harufu, na Futi alimwambia hivyo. Binti akacheka, akasema kitabu hakina pua, Mjomba. Basi Futi akaandika pacha, kwa mwandiko wake mwenyewe, maana mbeba futi huandika anachoambiwa.

Mti ule ndio ulionenepa haraka kuliko wenzake wote, na ndio uliobeba hoja ya tasnifu: kwamba pacha hukua upesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hoja hiyo binti akawa Daktari, akapewa ofisi yenye zulia na usimamizi wa msitu wa mafunzo, na vitalu vya miche vya idara vikajaa pacha. Futi alifurahi kama aliyeoza binti. Kwamba mti mmoja kati ya thelathini ulikuwa na jina la kuazima, hakuliona kuwa jambo la kumharibia mtoto sherehe. Hapo ndipo ninapomlaumu, kama ni lazima tumlaumu mtu aliyebeba wenzake mgongoni.

Ni Daktari aliyemshawishi ajiunge na masomo. Chuo kilikuwa kimefungua mlango kwa watu wazima wenye uzoefu, na Daktari mwenyewe akamjazia fomu, akamwambia kwamba elimu anayo, kinachokosekana ni karatasi. Kwa miaka arobaini na sita aliyokuwa nayo, Futi akaacha kazi. Kazi, nyumba ya mlinzi, buti, panga na filimbi, vyote alimkabidhi mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumfundisha msitu mti kwa mti. Alimwombea nafasi hiyo kwa Daktari, ikapatikana, ingawa kwa mkataba wa miezi sita sita. Futi na mkewe wakahamia chumba kimoja karibu na lango la chuo, chenye dirisha linalotazama ukuta. Mkewe, mshona nguo, alikiweka cherehani chini ya dirisha hilo na kusema kwamba sasa ana mume mwanafunzi, asiombwe ada ya shule tu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, isipokuwa somo moja, na hilo moja ni kichekesho: Utambuzi wa Miti. Mtihani wake hufanyika ukumbini. Matawi arobaini hupangwa kwenye chupa za maji, kila chupa na meza yake, kengele hupigwa kila dakika na mwanafunzi husogea meza moja. Futi aliyatambua yote arobaini, na yote akayaandika kwa majina ya vibarua. Tangawizi, pacha, mkia wa panya, kucha za bibi. Akapata sifuri. Darasa zima lilicheka, naye akacheka nao, kisha akaenda akakariri majina ya kitaalamu kama mtu anayekariri dua. Mtihani wa marudio ulitaka thelathini kati ya arobaini. Aliyeanguka mara ya pili, kanuni ilisema, anaondolewa chuoni, na haruhusiwi kurudi.

Siku ya marudio, kwenye meza ya ishirini na tatu, palikuwa na tawi bichi lililochumwa asubuhi ile. Futi alivunja kikonyo. Harufu ikampanda hadi kwenye mboni. Akaandika jina la kitaalamu la tangawizi, herufi kwa herufi, akasogea.

Matokeo yalibandikwa ubaoni: ishirini na tisa. Majani ya nchi za mbali, ambayo hata msitu wake haukuyajua, ndiyo yaliyomkosesha kumi, na hayo aliyakubali. La kumi na moja ndilo lililomtia wasiwasi. Karani wa mitihani akamwonyesha karatasi yake: meza ya ishirini na tatu, kosa. Jibu sahihi, pacha. Chanzo cha tawi, mti namba 117.

Akaenda ofisini kwa Daktari, mwenye somo, bila hasira. Alidhani ni suala la dakika tano.

Daktari alifunga mlango, akamkalisha, akamtilia maji kwenye glasi. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Mjomba, hii si alama moja. Ukisema mti ule ni tangawizi, unanivua nguo sokoni."

Futi alimjibu kwamba hataki kumvua mtu nguo, anataka alama yake. Akamkumbusha kwamba hana kazi ya kurudia, nyumba anaishi mdogo wake, na umri wake ndio huo anaouona. Daktari akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na Futi, mpumbavu wa watu, akampa leso yake. Walipotulia, Daktari akamshika mkono.

"Kata rufaa," alimwambia. "Mimi mwenyewe nitasimama mbele ya kamati niseme ukweli. Nipe wiki mbili tu nijipange."

Akampa wiki mbili. Angemwomba miaka miwili angempa. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba yule mtoto ana moyo, na mkewe, aliyekuwa na sindano mdomoni, akaendelea kushona.

Katikati ya wiki hizo mbili mdogo wake aliwatembelea akiwa na furaha isiyo kifani. Alikuwa na barua: ajira ya kudumu, saini ya Daktari chini yake. Shemeji mtu alimkumbatia. Futi aliisoma barua mara mbili kwa sauti, akamwambia mdogo wake kwamba marehemu mama angekuwepo angecheza. Mdogo wake hakukaa sana. Alisema amepewa kazi ya kubadilisha misumari ya ploti nzima, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Futi akamshauri atumie misumari ya bati na aache nafasi ya vidole viwili, mti upate kunenepa bila kumeza kibati. Mdogo wake akasema anajua, kaka, ulinifundisha. Akaondoka hata chai hajamaliza.

Kamati ya rufaa iliketi kwenye chumba kirefu chenye viti vya magurudumu. Mwenyekiti alikuwa profesa wa udongo, mzee mfupi mwenye kucha nyeusi, anayeaminika kwa kuwa haamini kitu asichokishika. Futi alieleza habari yake yote: kikonyo, harufu, mafua, tawi kavu. Kisha akageuka kumtazama Daktari, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Daktari alisimama. Alisema kwamba anamheshimu sana mtahiniwa, aliyekuwa msaidizi wake wa kazi za nje kwa miaka mingi. Hakusema Mjomba. Alisema kumbukumbu za watu huchanganyika kadiri umri unavyosogea, na kwamba daftari la ploti, ambalo hilo hapo mezani, linaonyesha mti namba 117 ni pacha, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Kama kamati ina shaka, akaongeza, mti upo, twendeni tukaunuse.

Futi alihisi masikio yamejaa maji. Hakuwa amewahi kumsikia akisema uongo, na sasa alimsikia akiusema vizuri, kwa ufasaha, bila kukosea neno. Bado alijipa moyo: akishafika kwenye mti, pua zitasema.

Wakapanda mlima mchana huohuo, profesa, Daktari, karani wa mitihani na Futi. Mdogo wake aliwapokea penye kizuizi akiwa na buti za kaka yake, akawatangulia kufyeka njia. Alimsalimia Futi shikamoo kaka, lakini aliisemea chini. Walipofika kwenye ploti profesa akatafuta namba mwenyewe, akaipata, akakwangua, akavunja kikonyo na kukipeleka puani. Akanusa tena. Akampa karani.

Hakikunukia kitu.

Futi alikivunja cha kwake. Hakikunukia kitu. Akalitazama shina, na mara akalijua, maana mti uliopimwa mara kumi na moja mtu huujua kama anavyojua magoti yake. Huu ulikuwa namba 118, jirani. Kule pembeni, hatua sita tu, ndiko ulikosimama 117 wa kweli, ukiwa na kibati cha 118, na msumari mpya unang'aa. Miti yote ya ploti ilikuwa na misumari mipya. Nani angeuliza kuhusu miwili? Msumari wenyewe ulipigiliwa vizuri, upande wa juu wa mteremko, umeachiwa nafasi ya vidole viwili. Mkono uliofanya kazi ile ulifundishwa na mkono wake.

Alijua hapohapo ile barua ya ajira ilikuwa malipo ya kazi gani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe umeishona wewe.

Alisema kwa sauti iliyokwaruza kwamba vibati vimebadilishana. Profesa akamgeukia mlinzi na kumuuliza kama kuna kibati kilichohamishwa. Mdogo wake alitazama panga lake.

"Hapana, mzee," alisema. "Tumebadilisha misumari tu. Vibati viko palepale kaka alipovipigilia."

Kaka. Angeweza kusema mlinzi aliyenitangulia. Daktari alikuwa tayari anafunga begi lake. Karani alishaandika neno kwenye karatasi, na Futi aliliona neno lenyewe: imekataliwa. Alifikiria chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, na mkewe na sindano zake mdomoni, na jinsi atakavyoanza kulisimulia hili jambo na wapi pa kulianzia. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake, alifanya iliyozoea kufanya mbele ya mti. Akaomba futi.

Mdogo wake alisita. Profesa akasema mpe.

Akaizungusha usawa wa kifua, akainyoosha isijipinde, akaisoma kwa sauti kama alivyoisoma miaka ishirini na miwili. "Thelathini na nne nukta moja." Akaenda kwenye mti wa pili. "Arobaini na tatu." Kisha akamwomba profesa afungue daftari alilopanda nalo, ukurasa wa mwisho, vipimo alivyochukua wiki ile aliyoacha kazi. Profesa alisoma kimya, kisha akasoma kwa sauti: namba 117, arobaini na moja nukta nane. Namba 118, thelathini na tatu nukta nne.

Daktari alikuwa amefikiria harufu, jina, misumari, kila kitu. Ile futi ya kupimia tu ndiyo aliyoisahau, kwa sababu miaka mingi hakuishika mwenyewe.

"Miti hunenepa," alisema profesa, "mingine hujivuta. Sijawahi kuona unaokonda zaidi ya sentimita saba." Akamgeukia Daktari. "Vipimo vya daftari hili ni sahihi, au si sahihi?"

Mtu asiyejua kazi hii angedhani swali ni jepesi. Daftari lile ndilo lililokuwa tasnifu yake, makala zake, zulia lake. Akisema vipimo si sahihi, hana kitu. Akisema ni sahihi, vibati vimehamishwa. Daktari akaangalia njia waliyopandia.

"Ni sahihi," alisema.

Profesa akaenda kwenye mti wenye kibati cha 118, akavunja kikonyo, na hakuhitaji hata kukisogeza puani. Karani akakata lile neno aliloliandika. Futi alikuwa ameshinda, na wala hakuhisi kitu kinachofanana na ushindi. Alikuwa anamtazama yule binti wa siafu ili walau amtazame na yeye, hata kwa chuki. Hakumtazama.

Badala yake Daktari alisema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba inaelekea mlinzi alichanganya vibati wakati wa kubadilisha misumari. Ni kijana, hakusoma, na miti hii miwili hufanana. Kosa la kawaida, akasema, kila mtu anaweza kulifanya.

Mdogo wake aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama Daktari, akaelewa amesimamishwa wapi, kisha akamtazama kaka yake kwa macho yale aliyokuwa akimtazama nayo utotoni anapovunja kitu cha jirani.

"Kaka," alisema, "waambie sikujua. Nina watoto."

Profesa naye alikuwa amechoka, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha watu wote kupita. Kosa la mlinzi asiyesoma: Daktari anabaki na ofisi yake, mdogo mtu anapewa onyo la barua na kubaki na kazi, mwanafunzi anapata alama yake. Akamuuliza Futi kama mtu aliyemfahamu kijana na kazi yake: je, inawezekana hakuitambua miti hii?

Futi aliizungusha futi kidoleni hadi ikaisha. Damu nzito kuliko maji, hilo alilijua tangu anamlisha uji mtoto huyu kwa kijiko. Alijua pia kwamba kama dakika kumi zilizopita pua na futi visingesema, hakuna kati ya hawa wawili ambaye angefungua mdomo, na yeye angeshuka mlima huu akiwa mzee mwongo, na wao wangeshuka nyuma yake.

"Hapana," alisema. "Anaitambua yote. Nilimfundisha mimi."

Akamrudishia mdogo wake futi, akashuka peke yake. Alama aliipata, thelathini kati ya arobaini, kafaulu. Jioni mkewe alipomuuliza kulikuwaje, alisema wamempa haki yake, akalia mpaka cherehani kikanyamaza.